Kosa la Chuma cha Saba

3 Machi

Dada,

Salamu nitaziweka mwisho, kama hasira itaniachia nafasi.

Gitaa limefika jana. Sanduku zima, kamba nzima, hata karatasi za kuzibia pembeni hazikuchanika. Nilipiga ukucha mwilini kabla ya kuweka nyuzi, nikaisikia sauti ya Baba ile ile, pana, isiyo na haraka. Nikasema moyoni: mzee ana miaka sabini na minne, na bado. Kisha nikakaza nyuzi nikaanza kupanda shingoni.

Vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye ubao wa shingo, kuanzia cha kwanza hadi cha tano, sina neno navyo. Nikibonyeza cha sita, uzi unagonga cha saba na kulia kama nzi kwenye chupa. Nikaweka rula juu yake. Cha saba na cha kumi vimesimama kuliko wenzao. Cha kumi na mbili kimenyanyuka upande mmoja, karatasi inapita chini yake. Na ncha zake! Nimetelezesha kiganja mara moja tu, kimetoka na damu.

Kwa miaka kumi na moja nimepiga gitaa lingine la Baba, na vyuma vyake ni laini kama ukingo wa kikombe. Nimewashikisha wapigaji wa mji huu mzima, nikawaambia: gusa hapa, hiyo ndiyo mikono ya baba yangu. Kwa hiyo usiniambie Baba ndiye aliyevipigilia hivi. Hii ni kazi ya mtu aliyechungulia karakanani akaona ni rahisi.

Umeshika nyundo, Dada. Sema kweli.

Unajua kilichoko mbele yetu. Tarehe thelathini Aprili Ukumbi wa Muziki unafungua chumba cha kumbukumbu. Nitalipiga gitaa hili mbele ya watu, kisha litawekwa kwenye kabati la kioo, na kadi yake imeshaandikwa: "Gitaa la mwisho la Mzee, kazi ya mikono yake mwenyewe." Nataka watu wasikie mikono hiyo, wasisikie nzi.

Mwombe Baba anipe tarehe, nilirudishe, avitoe vyuma mwenyewe na kuvipanga upya. Wewe baki na kupaka vanishi na kufunga masanduku. Hapo hatuna ugomvi.

Nafasi ya salamu haikupatikana.

Mdogo wako,
Kitinda


11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, maana hasira zangu hazijui kukaa.

Tuanze na ncha. Hazikutoka hapa zikiwa zinachana. Umelitundika wapi gitaa? Nakijua chumba chako: dirisha linalomeza jua kutwa, na feni inayopuliza hata kama hakuna mtu. Mbao zikikauka husinyaa, chuma hakisinyai. Shingo imejivuta ndani unene wa ukucha, vyuma vimebaki pale pale, ncha zimechomoza. Hilo ni kosa lako. Lichukue, nakupa bure.

Halafu hilo neno "kupigilia". Unalitumia kana kwamba tunazungumzia msumari wa kutundikia kalenda. Kaa chini nikusomeshe. Mikato ya shingoni hukatwa kwa msumeno mwembamba, na kila mmoja hupimwa kutoka kichwani, haupimwi kutoka kwa jirani yake, kwa sababu kosa dogo la jirani hurithiwa na wote wanaofuata, kama ubishi katika familia yetu. Waya hukunjwa zaidi kidogo kuliko mviringo wa ubao, ili ikipigwa ibane pande zote mbili. Unapiga ncha kwanza, ndipo unashuka katikati. Na baada ya kila pigo unapitisha kidole. Jicho halitoshi, Kitinda. Jicho hudanganywa na mng'aro. Kidole ndicho kinachojua kama chuma kimekaa au kimejifanya kimekaa. Kisha unapaka wino migongoni mwa vyote ishirini, unapitisha tupa ndefu mpaka wino uondoke kwa usawa, unaurudishia kila mgongo mviringo wake mmoja mmoja, unapiga msasa, na msasa mwingine, na mwingine. Siku tatu kama hujachokozwa.

Sasa mtu ambaye hajawahi kuishika tupa, hata ya kunolea jembe, ananiambia mimi nibaki na vanishi.

Ulipokuja mara ya mwisho ulikaa karakanani asubuhi nzima ukipiga picha mikono ya Baba. Mikono juu ya meza, mikono na randa, mikono na kikombe. Kikombe hicho nilikileta mimi, kwa sababu uligeuka ukasema, "Dada, tufanyie chai basi." Nikaifanya.

Umeuliza ni nani. Haya, andika ni mimi. Cha saba ni mimi, cha kumi ni mimi, cha kumi na mbili kilichonyanyuka kama nyusi ya mwenye kiburi ni mimi pia. Umeridhika? Lirudishe, nitalitengeneza. Usimwandikie Baba neno hata moja juu ya hili. Na usilipeleke kwa fundi mwingine.

Dada yako,
Mashoto


19 Machi

Dada,

Nimelipeleka kwa fundi mwingine.

Usitupe barua hii kabla ya kuimaliza. Siku zinakwenda, na wewe ulikiri kwa sauti ya mtu anayetupa maji machafu mlangoni. Sikukuamini kwamba utalitengeneza vizuri zaidi ya mara ya kwanza.

Kuna mzee hapa anaitwa Kipara, ana kijiduka nyuma ya mtaa wa washonaji, anatengeneza kila kitu chenye nyuzi. Alilitazama gitaa jipya kwa lenzi. Akauliza, "Una lingine la karakana hiyo hiyo?" Nikamletea langu la zamani. Akayalaza yote mawili mezani kama wagonjwa.

Akaniambia, "Njoo uone. Kila anayekata ncha za chuma kwa tupa huanza na pembe moja, na pembe anayoanza nayo huwa ya mviringo zaidi kwa unywele mmoja. Hawezi kujizuia, mkono unamvuta. Hili jipya pembe ni za mkono wa kulia. Mkono wa fundi hasa, anajua kila hatua, ila vidole vimemtoroka. Hili la zamani..." akacheka, "hili la zamani limefanywa na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Na ni kazi safi kuliko nitakayoifanya mimi mpaka nife. Baba yako anatumia mkono gani?"

Dada, nilikaa kwenye kibao cha wateja kama niliyepigwa na mlango.

Baba hutumia wa kulia. Katika nyumba yetu mashoto ni mmoja, na jina lako linatangaza.

Nieleze. Na usinieleze kwa mafumbo. Miaka kumi na moja nimesimama majukwaani nikimsifu mtu kwa kazi ya mtu mwingine. Nimehojiwa redioni. Nimelia, Dada, nimelia kweli mbele ya kipaza sauti kwa ajili ya "vidole vya baba yangu". Mlikuwa mnasikiliza wote wawili, redio iko juu ya rafu ya gundi. Mlikuwa mnatazamana? Mlikuwa mnacheka?

Nina haki ya kukasirika, na safari hii sitakuachia hasira zote peke yako.

Kitinda


27 Machi

Kitinda,

Hatukucheka. Baba alizima redio akatoka nje kutazama mvua ambayo haikuwepo.

Umetaka bila mafumbo. Mwaka ule ulipohamia huko, sukari ilianza kumla Baba vidole. Havikuuma, ingekuwa nafuu vingeuma. Vilikufa ganzi. Siku moja nilimkuta anapitisha kidole juu ya chuma alichokwisha kukipiga, mara kumi, mara kumi na tano, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akaniita. "Gusa hapa uniambie kimekaa?" Hakijakaa. Akapiga. "Sasa?" Bado. Hivyo ndivyo tulivyoanza: nyundo yake, kidole changu. Baada ya mwezi akasema inachosha kuulizana, shika nyundo wewe. Baada ya mwaka shingo zote zikawa zangu. Yeye alichagua mbao, akachonga miili, akaigonga na kuisikiliza, na hapo hakuna wa kumkaribia mpaka leo. Vyuma ni mimi. Vya gitaa lako, na vya magitaa arobaini na matatu yaliyofuata.

Alinambia mara moja tu: "Usiwaambie." Hakusema mpaka lini, nami sikuuliza. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Lakini hili gitaa la mwisho, hapana. Nilikwenda kwa shangazi siku tano alipofanyiwa upasuaji wa mguu. Niliporudi nikakuta shingo imemalizika, sanduku limefungwa na limeshapakiwa kwenye basi. Baba amekaa mlangoni, amevaa shati la kutokea. Akasema, "Nimemtumia mwanangu." Nikamuuliza, vyuma nani? Akasema, "Kwani karakana hii ya nani?" Nikajua. Ulipoandika, nikachukua lawama, kwa sababu yeye alikuwa anauliza kila siku: "Kitinda amesemaje?" Nikamwambia umefurahi.

Sasa sikiliza na upande wangu, ambao hujauulizia.

Wewe unaona umedanganywa. Kweli. Lakini ulidanganyika kirahisi mno, ndugu yangu. Kwa miaka yote hiyo hukuwahi kuuliza mbona nina makovu ya waya vidoleni. Hukuuliza kwa nini shajara ya vipimo imeandikwa kwa mwandiko wangu. Uliniona kwenye meza ile ile, na aproni ile ile, ukaniona mpika chai. Baba alificha kwa sababu ya aibu. Wewe ulifichwa na nini? Hakuna aliyekufunga macho. Uliingia nayo yakiwa yamefungwa tayari.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu mafundi wakubwa, unajua siwezi kupita karatasi bila kuisoma. Kila fundi mkubwa ana binti au mke anayetajwa ukurasa mmoja, amebeba taa. Sijaona kitabu kinachouliza: na taa ilipowekwa chini, mikono ile ilishika nini?

Na barua yako ya kwanza ilisema kosa likiwepo ni mimi, uzuri ukiwepo ni Baba. Umeipima dunia nzima kwa rula hiyo. Sasa fundi asiyenijua, kwa lenzi tu, ameniona katika nusu saa.

Lirudishe gitaa. Nitafanya kazi yangu. Kwenye kadi yako andika upendavyo, mimi nimezoea.

Mashoto


29 Machi

Kitinda mwanangu,

Dada yako ameacha barua zako chini ya kopo la msasa, akidhani mimi siwezi kuinua kopo. Nimezisoma zote kwa lenzi. Na yake kwako niliisoma jana kabla hajaifunga, maana alikwenda kununua stempu. Usiniambie ni adabu mbaya. Ninyi wawili mmekuwa mkigawana maiti yangu kwa njia ya posta na mimi bado ninakula ugali wangu mwenyewe.

Nina hasira, na si zile mnazozifikiria.

Chuma cha saba ni changu. Nilikipiga mara nne. Cha kumi na mbili nilijua hakijakaa, nikajiambia kitakaa njiani kwenye basi. Hiyo ndiyo akili ya mzee aliyevaa shati jipya. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu kweli kabla sijafunga mlango. Kimekuwa kibaya. Sawa. Lakini ni kibaya changu! Nani alimpa Mashoto ruhusa ya kuuchukua ubaya wangu na kuutia sahihi yake? Nimemwambia leo usoni: sifa zako nimezila miaka kumi na moja, na ni tamu, sitadanganya, sasa hata makosa yangu nawe unataka kuyala? Kila mtu ale sahani yake.

Alinijibu nini? Alisema, "Baba, ulipokuwa ukisifiwa ulikuwa unaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea salamu za jirani." Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi.

Na wewe. Ulimwambia dada yako abaki na vanishi. Huyo ndiye aliyekulea mama yenu alipofariki, na ndiye aliyenilea mimi vidole vyangu vilipofariki. Utamwomba radhi, na utaomba kwa maneno yako, usiniige mimi.

Lete gitaa. Atavitoa vyuma vyangu mbele yangu na kuweka vyake. Mwambie katibu wa huo ukumbi aandike hivi: mwili ni wangu, shingo na vyuma ni vya binti yangu. Majina mawili. Kadi ni karatasi, haitachanika kwa uzito wa jina la pili.

Baba yenu


12 Aprili

Dada,

Gitaa nimelipakia leo asubuhi, limefungwa kwenye blanketi langu la kulalia.

Niliandika radhi kurasa tatu, nikazichana, zilikuwa zinanisifu mimi kwa kuomba radhi. Nakuomba radhi kwa chai, na kwa vanishi, na kwa kutouliza. Naona haya zaidi kwa hilo la mwisho.

Nimeonana na katibu wa Ukumbi. Nilimsimulia yote. Alisikiliza kwa heshima, akaniandalia kiti. Akasema hadithi ya mzee na gitaa lake la mwisho imeshatangazwa, magazeti yameshaandika, na wageni hawasomi kadi ndefu. "Wanataka jina moja la kukaa nalo," alisema. Kisha akatafuta njia ya katikati, naye si mtu mbaya. Kadi itasema: "Kazi ya mikono ya Mzee na familia yake."

Nimeona si haba. Familia ni wewe. Baba hatavunjiwa heshima, na wewe umo ndani. Nimekubali. Siku zimebaki kumi na nane, tusipigane tena.

Mdogo wako,
Kitinda


18 Aprili

Mdogo wangu,

Radhi yako nimeipokea, ni fupi na ina maana. Makubaliano yako siyapokei.

"Familia" ni gunia, Kitinda. Ukishafunga mdomo wake, nani atajua kiazi ni kipi na jiwe ni lipi? Wewe ni familia: ulichangia nini kwenye shingo ile? Shangazi ni familia, na mguu wake. Paka anayelala kwenye maranda ni familia, tena yeye angalau hukaa karakanani. Nimefichwa miaka kumi na moja nyuma ya mgongo wa Baba, na mgongo huo ninaupenda. Sasa mnanitoa hapo ili mnifiche kwenye gunia, na mnataka niseme ahsante kwa kuwa gunia lina nafasi.

"Si mtu mbaya," unasema. Hakuna mtu mbaya! Hiyo ndiyo inayonichoma. Baba si mbaya, wewe si mbaya, katibu si mbaya, ametoa hata kiti. Watu wazuri wote hao wamekaa kwenye viti vyao na jina langu halina pa kukaa. "Wageni hawasomi." Wageni wasomeshwe! Kama ukumbi wa kumbukumbu hauwezi kukumbuka watu wawili, uuze soda.

Nilidhani Baba atasema tuache. Nilimsomea barua yako wakati tukivitoa vyuma. Nilikuwa napasha kila kimoja kwa chuma cha kulehemu, gundi inalegea, nakiinua polepole kwa koleo ili mbao isinyofoke, nampa yeye. Aliviweka mezani kwa mpangilio wake, kimoja hadi ishirini. Nilipofika kwenye neno "familia" alikuwa ameshika cha saba. Akasema:

"Hiyo kadi inanisitiri mimi kuliko inavyokuficha wewe. Mtu akisoma 'familia' hatajua kwamba vidole vyangu vilikwisha. Ataendelea kunisifu. Sitaki kusitiriwa na karatasi. Mwambie hivyo huyo bwana wa kiti."

Nikasema, utaonekana mzee asiyejiweza. Akasema, "Si ndivyo nilivyo? Ila mwili wa gitaa lile, mwambie na hilo, hakuna kijana wa kuuchonga."

Kisha akaniomba nisimpe kazi, nimpe kiti tu, akae akinitazama. Siku tatu. Siku ya tatu nilimaliza msasa wa mwisho, nikaondoa utepe uliokinga mbao. Akalichukua, akapitisha shingo shavuni. Shavu lake bado linahisi. Akasema, "Hapa," akanionyesha cha kumi na nne. Unywele mmoja, Kitinda. Kweli kilikuwa juu unywele mmoja. Nikakirekebisha huku nikiwa na hasira na furaha, nikashindwa kuzitenganisha.

Kwa hiyo sikia masharti, ni ya wote wawili. Majina mawili kwenye kadi, kila moja na kazi yake. Wakikataa, gitaa lisiingie kabatini. Lipige, ushuke nalo, uende nalo nyumbani. Lilitengenezwa lipigwe, halikutengenezwa litazamwe na watu wasiosoma.

Na ulitoe kwenye jua.

Mashoto


1 Mei

Dada,
Baba,

Nawaandikia pamoja, msomeane.

Nilimpelekea katibu masharti yenu, lakini kadi haikubadilika. Nilifika asubuhi nikaikuta imeshagongwa kwenye shaba, si karatasi tena, imepigwa skrubu nne ndani ya kabati, na taa ndogo juu yake. Katibu alinishika bega akasema tutazungumza mwakani. Nikasema sawa, nikapanda jukwaani.

Gitaa halikulia kama nzi mahali popote. Nilipanda shingo nzima, nikashuka, nikapanda tena kwa makusudi kwenye sita na saba. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa nne. Nikasema sentensi chache tu. Nikasema mwili huu umechongwa na baba yangu, ambaye vidole vyake vimekufa ganzi na hataki mfichwe hilo. Nikasema shingo na vyuma ni vya dada yangu, na hata kwenye gitaa nililowapigia miaka yote hii vilikuwa vyake, na kwamba niliwadanganya bila kujua, kisha kwa wiki moja nikakubali kuwadanganya huku najua. Mzee Kipara alikuwa safu ya mbele. Alipiga makofi kabla sijamaliza, kwa kukosa subira.

Kisha nikashuka, nikalipita kabati, nikatoka na gitaa mlango mkubwa. Katibu alinifuata mpaka ngazini. Aliniita mtovu wa shukrani, akaniambia mnafanya jambo kubwa kwa neno moja. Nikamwambia kama ni neno moja tu, basi angeliandika.

Leo nimepita tena. Kabati liko pale, tupu, limewashwa taa. Chini imeandikwa "Kazi ya mikono ya Mzee na familia yake", na juu yake hakuna kitu. Watu wanasimama, wanasoma, wanainama kutazama ndani, wanamuuliza mlinzi. Mlinzi anawaeleza habari yote, na anaieleza vizuri kuliko mimi. Nimemsikiliza mara mbili. Kumbe wageni wanasoma.

Saa saba mchana katibu alikuja mwenyewe hapa nyumbani. Hakutaka chai. Alisimama mlangoni na kalamu na kijitabu akaniuliza wewe, Dada, uandikwe vipi. Jina gani kwanza, na uitwe fundi, au binti wa fundi, au vyote?

Mdomo ulishafunguka. Nilikuwa na jibu, unajua mimi sikosi jibu. Nikaufunga. Nikampa anwani yako.

Kitinda